Ukoko wa Bi. Mwatima

Makorora, Tanga
19 Julai 1984

Kwa kaka yangu Mwinyijuma,

Shikamoo, kaka. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mama na vibwengo wote wa Pangani, na kwamba wale popo wa darini kwako wamekwisha kuhama. Mimi huku mwili mzima, ila roho imenifika hapa kooni, na walioifikisha ni wewe na baraza lako.

Barua yako niliipata Jumatatu. Unaniamuru nihame nyumba ya Bi. Mwatima kabla ya Ijumaa, kwa kuwa siku arubaini zimepita bila ukoko wa wali, na kibwengo asiyeachiwa ukoko hana nyumba. Sheria naijua, kaka. Nimekaa humu miaka hamsini, tangu alipoletwa bibi harusi kutoka Pemba. Yeye ananiachia ukoko chini ya sufuria, mimi namfukuzia nyoka, mchwa na moto. Usinisomee sheria kama mtoto wa chuoni.

Lakini huo wali uko wapi? Hebu niambie! Mchele siku hizi watu wa hapa wanausikia tu. Wanakula unga wa njano, ule wa msaada. Mwezi wa tatu nililiuliza baraza kama ukoko wa ugali wa njano unahesabika. Mkanijibu mwezi wa sita kwamba suala linafanyiwa kazi. Linafanyiwa kazi! Na nani, konokono?

Na hiyo nyumba mnayonipa huko kwenu, ya mfanyabiashara mwenye ndugu Arabuni, ambaye tangu ruhusa ya kuleta bidhaa itoke ukoko wake una unene wa vidole vitatu, mpeni mwingine. Kibwengo akihama, nyumba aliyoiacha haipewi mwingine kamwe. Mwanamke huyu ni mjane, hana mtoto, macho yanafifia, na homa haimwachi tangu mwezi uliopita. Nikitoka mimi, nani atamzimia jiko analolisahau?

Juma lililopita ikasemwa kwamba duka la mtaa litapokea mchele. Sijui kama wewe unazijua foleni za hapa. Mtu hasimami kutwa. Anaweka jiwe lake mstarini, anarudi nyumbani, na jiwe linamshikia zamu. Jana alfajiri Bi. Mwatima alijikongoja akaweka lake, akarudi kulala. Lilikuwa la themanini na moja! Nikasema leo sikubali. Nikaenda nikaanza kulisogeza mbele. Kumbe Safari, kibwengo wa Mabawa, naye yupo anasogeza la watu wake, na yule hana haya hata kidogo, kila nikigeuka analirudisha langu nyuma. Tukashikana. Binadamu hawatuoni sisi, wanachoona ni mawe yanarukana mchana kweupe. Mzee mmoja akaanza kusoma Yasini, wengine wakakimbia wakaacha kandambili, foleni ikapungua nusu. Bi. Mwatima aliporudi akakuta jiwe lake ni la nne, akapata kilo moja. Najua tumekatazwa kuonyesha kazi zetu mchana. Liandike na hilo.

Nikafurahi, nikajua angalau leo atakula akapata nguvu. Kaka, mwanamke huyu ataniua! Alibandika kilo nzima, akakaa kwenye kigoda akaitazama. Harufu ikageuka, hakuipua. Moshi ukatoka, hakuipua. Mimi napunguza makaa, yeye anaongeza. Nikadhani homa imempanda kichwani. Wali wote ulipogandana na sufuria, mweusi chini, kahawia mpaka juu, ndipo akaukwangua kwenye sinia, akaliweka penye kona yangu. Akasema kwa sauti kwamba anajua nimeshinda na njaa siku nyingi, kwamba bibi yake kule Pemba alimkanya asimlaze njaa mwenzake wa nyumbani, na kwamba nimwie radhi kwa kuchelewa. Kisha akaenda kulala, hajaonja hata punje.

Nililia kwa hasira. Kilo nzima, ameiunguza makusudi ili iwe ukoko! Nikiula peke yangu, sheria imetimia, nakaa siku arubaini nyingine, na yeye ananifia kitandani kwa njaa. Nikimwachia, hagusi, kwa sababu ameshasema ni wangu. Nililizunguka lile sinia tangu adhuhuri hadi alasiri.

Sasa kaka, kaa kitako. Nilijionyesha. Nilisimama mlangoni pa chumba chake nikamwambia ainuke ale, la sivyo naumwaga uani. Hakushtuka. Alinitazama toka miguuni hadi utosini, akasema kumbe ni mfupi hivi, kisha akasema kwake hapa hali mtu peke yake, hata awe nani, basi ninawe mikono. Nikanawa. Tukala sinia moja, mkono wake na wangu, tukigombea vile vipande vigumu vya pembeni.

Maana yake unaijua kuliko mimi. Kibwengo anayekula chombo kimoja na binadamu hupewa umri kama wao. Kabla jua halijatua nilikuwa na kivuli. Leo nimeamka kiuno kinauma, na nimeona mvi moja. Nimesimama foleni ya sabuni kwa miguu yangu, jua likanichoma, mama mmoja akanikanyaga wala hakusema pole. Majirani wameambiwa mimi ni mtoto wa nduguye kutoka Pemba. Homa yake imeanza kushuka.

Sikukosea, wala sikurogwa, kwa hiyo usinitumie wazee wa baraza kuja kunisikitikia. Miaka hamsini nilimpenda mtu huyu kutoka nyuma ya mtungi, nikila masazo yake. Imetosha.

Nisalimie wote wanaonikumbuka, na hata Safari ukimwona barazani, ingawa hastahili. Lililobaki ni mama. Yeye ana miaka mia nne na ataishi mingine mia nne; mimi, nikijaliwa, thelathini. Sijui utamwambiaje kwamba atamzika mwanawe. Tafadhali usimwambie kwa ghafla. Mwambie kwanza kwamba nimeshiba.

Ni mimi mdogo wako,
Miraji