Mtoto Aliyezaliwa Jikoni Kwangu

Jumanne. Manyunyu tangu asubuhi hapa Kianjokoma, na roho yangu ni chungu. Mimi shule sikuona. Naongea, simu inaandika. Ikikosea, shauri yake.

Binti yangu Wawira ni nesi. Manesi wamegoma. Huachiwa wodi nzima ya kina mama peke yake, glavu zikiisha anaambiwa avumilie, na mshahara unachelewa mpaka anakula ugali wangu akiangalia chini.

Wiki iliyopita jirani yetu Ireri alimleta mkewe Muthoni hapa, uchungu umembana. Wawira alimzalisha jikoni kwangu, mikono mitupu. Ireri alikuwa nje anakunywa chai yangu.

Leo kwenye foleni ya kupima majani chai, huyo huyo Ireri anachekesha watu. "Manesi ni waongo. Wangu si alizaliwa bure? Hao hata bila mshahara watafanya tu."

Watu wakacheka. Hata wale ambao Wawira aliwachanjia watoto.

Nikamwambia, "Ireri, ng'ombe wako akizaa, daktari unamlipa. Kwa hivyo Muthoni ni chini ya ng'ombe?"

"Cucu, wewe nawe!" Wakacheka tena, sasa wananicheka mimi, nyanya mzima.

Jioni, huyo Ireri getini, na mkewe na mtoto. Muthoni ana homa, titi limevimba limekuwa jiwe, mtoto analia njaa. Nikashika komeo. Nilitaka Ireri alie kwanza, nasema kweli.

Wawira alinipita tu, akafungua.

Basi nikamwambia Ireri, "Leo hakuna chai. Shika beseni." Akashika, uso ameugeuza, Wawira akikanda titi kwa kitambaa cha moto na Muthoni akipiga mayowe. Mayowe yalipozidi, akageuka akatazama. Nikafikiri, sasa ameona.

Maziwa yakatoka, mtoto akanyonya. Wawira akawaambia homa isiposhuka wakimbie hospitali ya misheni. Ireri akavaa kofia yake.

"Wawira, Mungu atakulipa." Akaenda zake.

Binti yangu akacheka kicheko kibaya. Hayo ndiyo maneno ya mkubwa wao kazini, kila wakidai haki yao.

Mimi ni mtu wa kanisa na nitasema.

Mungu hakumwajiri Wawira.

Kutakucha, nitabeba kikapu changu, nitapanga foleni ile ile, na Ireri atacheka tena. Komeo nimelirudisha. Lakini nimelifunga la nini, na Wawira ameketi hapo, viatu hajavua, akingoja atakayebisha hodi?