Lile Gari la Kijani

Dada yangu mpendwa,

Sisi huku wazima. Bati la jikoni nimeshaliziba, na jirani yetu fundi cherehani amejifungua mapacha. Mama anakula vizuri.

Sasa usinigombeze. Nimenunua gari. Lilikuwa la jeshi, la zamani kuliko mimi, nimelipata mnadani. Fundi wa magari alinishauri nibadilishe rangi kwanza, nikamcheka, maana uzuri wake wote ni ule ukijani. Sikukuambia kwa sababu ungenikataza, na nilijua kwa nini. Siku wanajeshi walipomchukua Baba wewe ulikuwa na akili zako. Mimi nilikuwa mgongoni mwa Mama. Kwangu ni habari ya kusimuliwa tu.

Jumamosi nililiingiza uani nikipiga honi, ili Mama atoke anione. Akatoka ameshika viatu vya Baba, vile vyeusi, vimepigwa rangi vinang'aa. Usoni hakunitazama. Alisimama kwenye mlango wa dereva, akasema kwa upole, "Afande, mlimchukua pekupeku. Naomba umpe avae."

Ningesema ni mimi, Dada. Nilishindwa. Nilivipokea nikajibu, "Nitampa, mama."

Gari liko kwa fundi, linapakwa rangi nyeupe. Viatu vimo chini ya kiti. Kila asubuhi Mama alikuwa ananiuliza kama vilimfikia Baba, hadi juzi nikachoka, nikamwambia amevivaa na vinamtosha.

Sasa haulizi tena habari za viatu. Anauliza Baba anarudi lini.

Njoo, hata kwa siku mbili.

Mimi mdogo wako, mwenye gari.