Koti Lililogeuzwa

4 Machi

Mwanangu Chiriku,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti la kulia, lile la kukanyagia cherehani, limeanza ukorofi. Wewe hujambo? Wajukuu zangu je? Na mume wako, bado anakoroma?

Nakwenda moja kwa moja kwenye habari. Lile shimo la nyuma ya tanuri la matofali limefunguliwa. Nguo zimeoshwa na kutandazwa juu ya meza, katika ukumbi wa zamani wa sinema, na sisi tuliobaki tukaitwa kupita mmoja mmoja. Afisa ni binti mdogo, mpole, kila sentensi yake ina "mauaji ya kimbari". Ndilo jina lake la kitaalamu. Sisi huku tunasema tu "wakati ule".

Karibu na dirisha nikaliona koti la baba yako. Unalikumbuka? Lilipopauka nililifumua lote nikaligeuza, ndani kukawa nje. Mfuko wa kifuani ukahamia kulia na vifungo vikakaa upande wa kike. Makarani wenzake wa stesheni walimcheka mpaka akanuna. Mji mzima hakuna koti jingine la hivyo. Sikulia. Nilipindua pindo, nikaona mshono wangu, nikamwambia yule binti, "Huyu ni wangu, andika."

Mazishi ni tarehe 20 Mei. Uliapa hutakanyaga huku mpaka baba yako apatikane. Haya, amepatikana. Kata tiketi.

Nimefurahi, mwanangu, nasema wazi. Miaka yote hii nilikuwa nawaonea wivu wajane wenye makaburi.

Mama yako

*

19 Machi

Shikamoo Mama,

Sisi wazima. Mdogo anaota meno, anauma kila kitu pamoja na baba yake, ambaye ndiyo, bado anakoroma. Pole na goti. Mpe mtu mwingine kazi za sare, we mama husikii.

Barua yako niliisoma jikoni nimesimama. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kulisema hili bila kukuumiza, na sijaipata.

Mama, siku ile Baba hakuwa na koti. Wewe ulikuwa umekwenda kwa mama mkubwa kumshonea. Mvua ilikuwa inanyesha. Mwalimu, yule wa darasa langu, aliingia kwa mlango wa uani, amelowa chapachapa, anatetemeka, akasema wako njiani, msitokee mbele. Baba akalitungua koti ukutani akamvisha. Mwalimu alihangaika na vile vifungo, Baba akamsaidia kuvifunga. Halafu Mwalimu akatoka kwa mlango wa mbele, sisi tukapita uani. Pale stesheni Baba alinipandisha kwenye behewa la mizigo akiwa na shati tu.

Kwa nini Mwalimu alitoka mbele, sijui. Nilikuwa na miaka sita. Wewe ulikuwa ukiniuliza habari za stesheni tu, Baba alielekea wapi, na kila nilipomtaja Mwalimu ulinifunga mdomo.

Nisamehe. Nilitaka sana awe yeye.

Mwanao

*

2 Aprili

Chiriku,

Barua nimeipata. Mimi mzima.

Ulikuwa mtoto, una njaa, una hofu. Watoto huota. Mwalimu ndiye aliyewasimamisha darasani kwa amri ya ofisi, wa aina yetu ukutani, wa aina yake dirishani. Ulirudi ukaniuliza, "Mama, kumbe sisi ni wa ukutani?" Ndivyo ilivyoanza. Kwanza tulikuwa wateja na majirani, kisha tukawa "ninyi", kisha redio ikatuita kunguni na watu wakacheka. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilicheka, mtangazaji yule alikuwa na maneno. Siku ya siku ilipofika, kila aliyebeba panga alishajua nani ni wa ukutani. Na Mwalimu akatoroka na wauaji wenzake, hilo mji mzima unajua. Mkewe napishana naye bombani miaka yote bila salamu, na sijutii.

Kaburi limeshachimbwa. Usiniandikie tena habari hii.

Mama yako

*

23 Aprili

Mwanangu,

Hamjambo huko? Mimi sijambo kidogo.

Hukujibu. Tangu nikuzae ndiyo mara ya kwanza unaambiwa nyamaza unanyamaza, na imenitia hofu kuliko kelele zako.

Nilirudi ukumbini. Nikamwambia yule binti anionyeshe tena suruali iliyokuwa pamoja na koti. Nasema tena, kwa sababu niliiona siku ile. Gotini ina kiraka kilichoshonwa na mtu asiyejua kushona, uzi mweupe kwenye kitambaa cheusi, mishono mikubwa kama ya kufungia gunia. Mume wa fundi atembee na kiraka kile? Nilikiona, nikakifunika kwa koti. Nilikuwa nautafuta mkono wangu, nikaupata, nikaacha kutazama.

Basi nikaenda kwa mke wa Mwalimu. Nilisimama mlangoni sijui hata nianze vipi. Alikuwa anafua. Nikasema, "Njoo ukatazame suruali." Hakuuliza ya nani. Alifuta mikono akanifuata.

Alikishika kile kiraka muda mrefu. "Alinicheka," akasema, "akasema afadhali ningeacha tundu." Kisha akalisukuma koti upande wangu. "Hili lenu, Fundi. Chukua."

Nikamwambia, "Alivishwa, hakuazimwa." Hapo ndipo nilipolia. Nisikudanganye, sikumlilia Mwalimu. Nililia kwa sababu kaburi nilikuwa nalo, na sasa sina.

Ameomba kitu kimoja. Wanawe wameitwa watoto wa mtoro mpaka wamekuwa watu wazima. Binti zake hakuna aliyewaposa, mwanawe hakuna aliyempa kazi. Anataka isemwe mbele ya watu, siku ya mazishi, kwamba mume wake hakutoroka. Mimi sikuwepo. Nikisema watauliza nimejuaje. Aliyeona ni wewe.

Baba yako hajapatikana, kwa hiyo kiapo chako kipo palepale. Sikulazimishi. Tarehe ni ileile.

Mama yako

*

5 Mei

Shikamoo Mama,

Nakuja.

Nitasema alikuja, alituonya, akatoka na koti la Baba. Lakini na habari ya darasani nitaisema. Mimi nilisimama pale ukutani, na aliyenionyesha pa kusimama kwa fimbo ni yeye. Mwambie mke wa Mwalimu mapema, ajue. Kama hataki nitaje hayo, basi sitasema lolote, nitakaa nyuma kama watu wengine. Nusu siwezi.

Pole, Mama. Nakuonea huruma sana, na sijui nikufanyie nini.

Mwanao

*

14 Juni

Mwanangu Chiriku,

Natumaini ulifika salama na mkoromaji hakuchoma nyumba. Mimi mzima. Nyumba imekuwa kimya mno tangu uondoke.

Mji bado unakusema. Ulipotaja fimbo watu waliguna, na mimi nilitaka kukuvuta sketi ukae. Mke wa Mwalimu aliposema "Mwacheni amalize," niliinamisha uso. Mimi nisingeweza.

Wateja wangu wawili wamehama, wanasema namsafisha mtu wa dirishani. Waende. Mke wa Mwalimu tunasalimiana bombani. Salamu tu, hatujawa marafiki, usianze kutunga hadithi. Jana alinishikia ndoo, nikamwachia.

Kuna siku namchukia baba yako kwa kulitoa lile koti. Angelivaa, leo ningejua yuko wapi. Halafu nakumbuka kwamba Mwalimu asingetoka nalo mbele, pengine usingekuwa hai wa kunichosha kwa barua, na hasira inashuka, ingawa si yote.

Yule binti wa ofisini amepita. Mvua zikikatika watafungua shimo jingine, la nyuma ya stesheni, na nguo zitatandazwa palepale ukumbini. Nimemwambia aniwekee kiti, kwa sababu ya goti, maana safari hii nitakaa sana. Nitatazama kila nguo, hata zile nisizoshona mimi.

Mama yako