Filimbi Namba Saba

Jumanne, 4 Februari 2025

Baraza leo uwanja wa shule. OCS mwenyewe, mkuu wa kituo cha polisi, alikuja — mtu mnene, sauti nzuri, viatu ambavyo havijawahi kuona tope letu. Alisema polisi ni wachache na sisi ni wengi, kwa hiyo sisi ndio macho yao na masikio yao. Ng'ombe wanne wameibwa huku juu ya Ikonge tangu Krismasi na macho hayo hayajaona kitu! Basi Nyumba Kumi imeundwa upya. Mzee Machogu mwenyekiti. Mimi katibu. Hakuna aliyeshindana nami. Nilikuwa karani wa chama cha ushirika miaka ishirini na sita, na mpaka leo wananiita Karani, hata watoto waliozaliwa chama kikiwa kimekufa.

Tumepewa filimbi kumi, moja kila nyumba, zenye namba za rangi nyekundu. Yangu ni namba moja. Bosibori, yule mjane wa ng'ambo ya kijito, amepata namba saba. Aliipuliza hapo hapo kuijaribu, watu wakacheka, naye akacheka akiziba mdomo kwa leso.

Kanuni nimeziandika mimi jioni hii. Ya tatu ndiyo naipenda: Anayesikia filimbi atoke mara moja, na apulize ya kwake akikimbia. Sikufuta hata neno moja.

Nyakerario ameuliza, je, kama mwizi naye amepewa filimbi? Mke wangu huyu!

Alhamisi, 13 Februari

Ng'ombe wa Ochoki ameibwa. Yule wa kijivu, mwenye pembe iliyovunjika. Ochoki amekaa kwenye boma tupu tangu asubuhi, hataki kuongea na mtu. Hakuna filimbi iliyolia.

Mchana Bosibori alikuja kwangu na kikapu cha chai mgongoni. Hakukitua. Alisema alitoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuchuma kabla jua halijawa kali. Akivuka kijito akaona pikapu ya Jasper imesimama kwenye ua wa Ochoki, Jasper na mwenzake wanamsukuma ng'ombe apande.

Jasper! Mwenye bucha kule Nyaramba. Mtoto wa ndugu yake Mzee Machogu. Pikapu hiyo ndiyo inapeleka wagonjwa wetu hospitali, na ndiyo inaleta maiti zetu kutoka mochari. Hajawahi kumnyima mtu. Mama yangu mwenyewe alirudi nyumbani juu ya hiyo pikapu.

Bosibori alisema: Baba Natasha, nimekuja kwako kwa sababu wewe ni mtu wa kalamu, si mtu wa maneno. Jina langu lisitoke mdomoni mwako.

Nikamwambia halitatoka.

Ijumaa, 14 Februari

Kamati, watu watano, kwa Mzee Machogu. Nikaeleza. Mzee alisukuma kikombe chake pembeni, akasema sheria ni sheria, habari ipelekwe kituoni. Nilimheshimu kwa hilo. Waliuliza nani aliona. Sikusema.

Niliandika tu. Kumbukumbu namba nne: Mama Bosibori wa nyumba ya saba ameeleza kwamba, saa kumi na moja alfajiri, akiwa peke yake kando ya kijito karibu na ua wa Ochoki, aliona... na kadhalika. Habari isiyo na mwenyewe ni umbea, hiyo nilifundishwa nikiwa kijana. Imependekezwa na katibu, imeungwa mkono na mwenyekiti. Nakala moja kwa naibu chifu, nakala moja kituoni, zote zimepigwa muhuri. Zimependeza sana.

Ahadi yangu ilikuwa ya mdomo.

Jumatano, 26 Februari

Nitaandika polepole.

Mkutano wa nyumba zote. OCS alikuja tena, naibu chifu pia, viti vya kanisa, maombi. Nilivaa koti. OCS akasema kabla ya yote tusomewe kumbukumbu za kikao kilichopita, aone kamati inavyofanya kazi. Kikao kilichopita kilikuwa cha kamati! Cha watu watano, mlango umefungwa! Lakini daftari ni moja, na mimi nilikuwa nimeshasimama, nimeshalifungua.

Namba moja, maombi. Namba mbili, waliohudhuria. Namba tatu. Sauti yangu ilikuwa inapendeza, nakiri, nilikuwa naisikiliza. Halafu namba nne. Nikalisikia jina likitoka.

Ningekohoa. Ningegeuza ukurasa. Ningesema miwani imeingia ukungu. Lakini karani haruki mstari, na ulimi wangu ulijua njia peke yake. Nilisoma mpaka nukta ya mwisho, na saa, na kijito, na pikapu, na muhuri wa tarehe gani.

Mbuzi wa shule alikuwa analia.

OCS akafurahi! Mama Bosibori ni nani? Simama mama, wakuone! Huyu ndiye raia mwema, mpigieni makofi! Akasimama. Alikuwa ameshika leso kwa mikono miwili. Makofi yalikuwa machache, kama mvua inayojaribu kuanza. Hakumtazama OCS, alinitazama mimi.

Kisha naibu chifu akauliza kama ilivyo desturi: kuna marekebisho? Jasper akainua mkono. Yuko nyuma na vijana, jaketi jipya. Akasema ana rekebisho dogo tu. Hapo pameandikwa saa kumi na moja alfajiri, naye saa hiyo huwa amelala, mke wake ni shahidi. Watu wakacheka. Yeye pia akacheka. Akasema, andika Karani.

Na mimi nikaandika! Mungu wangu, nikaandika. Marekebisho: Bw. Jasper amesema huwa amelala. Kumbukumbu zikathibitishwa.

OCS alisema uchunguzi unaendelea. Wakati wa kuondoka gari lake lilikwama kwenye tope la shuleni. Pikapu ya Jasper ndiyo iliyolivuta.

Alhamisi, 27 Februari

Nilienda kwa Bosibori kumwomba msamaha. Alikuwa anapepeta maharagwe. Alisema: Karani, ukisimama hapo unanizibia jua. Nikarudi.

Jumamosi, 8 Machi

Sabato imeisha, naandika.

Wanawake wa egesangio, kile kikundi chao cha kuchumiana chai kwa zamu, Jumatatu ilikuwa zamu ya shamba la Bosibori. Hawakwenda. Mmoja alikuwa na mgonjwa, mmoja alikuwa na mgeni, mmoja mguu. Wote siku moja! Zamu iliyofuata walipona. Chai ya Bosibori imekua mpaka majani yamekomaa, na alifanya peke yake alichoweza.

Leo kanisani alikaa kwenye benchi lake, la tatu upande wa wanawake. Benchi likawa lake kweli. Mmoja mmoja walihama, wengine na watoto, wengine wanajifanya wanatafuta upepo. Nyakerario pia. Nilimuuliza njiani kwa nini. Akasema, na wewe ulikaa wapi?

Mimi nilikaa mbele, kwenye kiti cha karani wa kanisa. Nilikuwa natafuta ukurasa wa wimbo.

Kituoni kimya. Nilimpigia OCS mara tatu wiki hii. Mara ya tatu alisema faili iko mezani.

Jumatatu, 17 Machi

Ndama wa Ochoki amekufa. Wa yule ng'ombe aliyeibwa. Ndama asiye na mama, ananyweshwa uji, ameharisha siku nne — angefanya nini zaidi ya kufa? Mtu wa mifugo alisema ni kuhara. Alisema hivyo mbele ya watu, nilikuwepo.

Saa kumi Ochoki alikuja hapa. Nilidhani amekuja kulia. Alisimama mlangoni, akakataa kiti. Akasema, Karani, wewe ni msomi, nisaidie. Mwanamke mzee, peke yake, alfajiri, kando ya kijito, kwenye ua wangu. Alikuwa anafanya nini?

Nikamwambia alikuwa anaenda kuchuma chai.

Akasema shamba lake la chai liko ng'ambo ile nyingine. (Liko pande zote mbili, kipande kidogo kiko huku, kila mtu anajua! Ochoki mwenyewe alisaidia kukipima!) Akasema ng'ombe kwanza, sasa ndama. Akasema, si mimi ninayesema, wewe mwenyewe uliandika. Saa, mahali, peke yake. Na serikali ikapiga muhuri.

Kisha akasema lile neno. Omorogi, yaani mchawi. Kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema jina la mtaa.

Miaka ya nyuma nimeona nyumba iliyochomwa kwa neno hilo, na aliyekuwa ndani. Nilikuwa karani wakati ule pia. Nilienda kazini siku iliyofuata.

Nikamwambia Ochoki, ng'ombe wako aliibwa na Jasper, na Bosibori ndiye peke yake aliyekuonea huruma akasema. Ochoki akanitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa. Akasema Jasper ameahidi kumletea ndama mwingine.

Jumanne, 18 Machi

Nilienda kituoni kwa miguu. OCS yuko semina. Ya nini? Ya ushirikiano wa polisi na jamii! Askari wa zamu alinisikiliza vizuri, kijana mwenye adabu. Alisema vitisho bado si kosa mpaka kuwe na mlalamikaji. Mlalamikaji apitie kamati ya Nyumba Kumi, kamati iandike, mwenyekiti atie sahihi, naibu chifu apige muhuri, ndipo kituo kichukue hatua. Akanionyesha mfano wa kumbukumbu nzuri zilizoandikwa. Zilikuwa zangu.

Nikapita kwa Mzee Machogu. Nikamwomba aitishe kamati. Alisema ana homa. Alisema tuache upepo upite. Hakunialika ndani. Kwenye kamba yake ya nguo niliona jaketi la Jasper.

Nilipofika nyumbani nilifungua daftari nichane ule ukurasa. Nikaushika kabisa. Halafu nikafikiria nakala mbili zenye muhuri na watu wote waliosikia. Ningechana nini? Nimelificha daftari ndani ya gunia la mahindi.

Jumatano, 19 Machi

Leo Bosibori alinifungulia mlango.

Nilimpigia Natasha, binti yetu, anauza nguo za mitumba mjini, soko la Daraja Mbili. Ana chumba na nusu. Nikamweleza. Akasema, baba, mlete leo. Leo, si kesho!

Bosibori alisikiliza akiwa amesimama. Amekonda. Kuku wake wamefungwa ndani. Kuna mtu alimwachia tambara lililofungwa mlangoni, lina jivu na manyoya ndani, ili wengine wakute na kusema ni uchawi wake. Alilichoma mwenyewe na akafagia.

Alisema, nikiondoka watasema nimekimbia. Nikasema ukikaa watasema umekaa. Hapo alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu Februari, na mimi karibu nilie.

Amekubali. Lakini si leo. Kesho Alhamisi ni siku ya kupeleka majani kituo cha chai, na kuna kile kipande cha huku ambacho bado kinachumika. Hawezi kuacha chai isimame, amesema, marehemu mume wake hakuipanda isimame. Ataondoka Ijumaa asubuhi. Nitamsindikiza mpaka barabarani, mchana kweupe, kila mtu atuone.

Nilimuuliza kama amenisamehe. Akasema: Baba Natasha, niletee gunia la kutilia sufuria.

Alhamisi, 20 Machi

Asubuhi nimepeleka gunia. Alikuwa shambani, nimeliacha mlangoni.

Saa sita nimerudi kutoka posho mill kusaga unga, nimekuta lile gunia la mahindi liko wazi. Daftari halipo. Nyakerario amesema Mzee Machogu alikuja kulichukua. Alikuja na heshima zote, amesema, alivua kofia. Kamati inakutana. Mwenyekiti akiomba daftari la kamati, mke wa katibu atakataa vipi?

Kamati gani! Katibu ni mimi!

Saa nane. Nimesimama barabarani. Watu wanapita kuelekea shule. Ochoki. Vijana wa bucha. Wanawake wa egesangio wenye miguu mibovu, wanatembea vizuri tu. Nimemuuliza mmoja kuna nini. Amesema kuna kusomwa. Kusomwa nini? Ameniambia, si unajua, Karani.

Nimempigia OCS. Haipatikani. Nimepiga kituoni. Yule kijana mwenye adabu ameshika. Amesema ameelewa kabisa, lakini gari limeenda Nyamira, na je, tumeandika?

Saa nane na dakika hamsini. Nyakerario ameniambia nikae ndani, mimi ni mtu wa sukari na presha. Nimekaa. Nimechukua shajara hii kwa kuwa mikono inataka kitu.

Kutoka hapa naona kipande cha chai cha huku, na kikapu cha Bosibori chini, kimejaa nusu. Yeye simwoni.

Saa tisa na dakika kumi. Filimbi.

Imetoka upande wa kijito. Ndefu, jinsi OCS alivyotufundisha. Wote wana filimbi, nyumba zote kumi. Nasikiliza. Hakuna nyingine iliyoitika. Mlango wa jirani umefungwa, nimesikia komeo. Yangu iko kwenye msumari, kando ya kalenda, naiona namba moja kwa rangi nyekundu. Kanuni ya tatu.

Saa tisa na dakika kumi na nne. Imelia tena. Mara hii fupi.

Nyakerario amefunga dirisha. Hajanitazama.

Nimeandika saa. Sijui kwa nini nimeandika saa.