Kufuli la Jumamosi

Mjukuu wangu Nekesa,

Pokea salamu kutoka Kabiria. Goti la nyanyako limepata nafuu, na kuku wake wameanza kutaga tena.

Umeniuliza programu za kompyuta mnazoziunda na kuzichezesha sataranji zinashindania nini, na hata hazijui zikishinda. Tena yako imepigwa na ya wenzako, na umekata tamaa.

Nikiwa kijana, mimi na mwenzangu Otieno tulikuwa tukitengeneza makufuli kwa Mzee Harbans, Singasinga mmoja huko mjini. Kila Jumamosi tulibadilishana: mimi nijaribu kufungua lake bila ufunguo, naye langu. Siku moja nikatengeneza moja nikaapa halifunguki. Otieno aliligonga pembeni mara mbili tu, likaachia. Nikanuna. Mzee akacheka, "Wewe hiyo shimo hungeona. Si wewe ndiye uliweka?"

Jana nilitazama kwenye simu ule mchezo ambao programu yako ilishindwa. Programu ya wenzako ilimtoa malkia wake bure, nikadhani imeharibika. Kumbe! Hatua kumi na tano baadaye, mfalme wako hakuwa na pa kukimbilia. Mwili ulinisisimka, Nekesa. Ni binadamu gani angekuonyesha shimo hilo?

Waandikie wenzako uwashukuru. Otieno alishatangulia mbele za haki, na sikumbuki kama niliwahi kumwambia ahsante. Kufuli nililotengeneza baada ya lile alihangaika nalo mpaka jioni, likamshinda. Ndilo linalofunga mlango wetu mpaka leo.

Babu yako