Hundi Iliyokaa Chini ya Saa

Jumanne, 22 Oktoba 2024

Denzil, usiniambie tena kwamba sijui kusoma. Niliacha shule darasa la saba kwa sababu mama alikufa na ng'ombe walitaka kukamuliwa. Si kwa ujinga. Barua nimeisoma mara mbili, kidole chini ya mstari, wakati wewe mwanangu wa kuzaa uliirukia bei tu kama kuku anavyorukia punje.

Kampuni inataka gesi iliyo chini ya ardhi yangu. Shamba nibaki nalo, wanasema, na miti, na nyumba. Wao wachukue cha chini, milele, na ule mrabaha, malipo ninayopata kila mwezi kwa gesi inayotoka, uwe wao. Dola elfu tisini na sita. Na hundi wameibandika hapohapo kwenye barua — kama mtu anayekuja kuposa na mahari mkononi kabla hajauliza binti anaitwa nani.

Nimeibandua, nimeiweka chini ya saa ya rafuni. Haili, hainywi.

Jumamosi, 26 Oktoba

Tumepika jamu ya matofaa. Sufuria ya shaba ya bibi yangu, moto uani tangu alfajiri. Ile sufuria haitaki kuachwa. Ukiacha kukoroga inashika chini, na kazi ya siku nzima wanakula nguruwe. Kwa hiyo aliyeshika mwiko ni mfungwa. Denzil anajua. Alingoja zamu yangu.

Akaanza. Visima vinachoka. Mrabaha umenyauka, mwaka juzi ulilipa kodi ya shamba na chakula, sasa haununui hata tairi. Mwakani itakuwaje? Uza maadamu kuna mnunuzi. Paa la nyumba linavuja juu ya kitanda chako mwenyewe, Mama.

Hakutaja mgongo wake. Ulivunjika mgodini na hautengenezeki. Sikumtajia mimi pia. Nilikoroga.

Hobart Stalnaker, jirani, alikuwa ameketi kwenye ndoo akimenya. Yeye aliuza gesi yake mwaka juzi. Nikamuuliza mbele ya watu: vipi, Hobart, uliuza, umetajirika? Akasema trekta zuri, na meno mapya. Kisha akarudi kumenya. Baadaye, watu walipoenda kula, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Delphia, karatasi ilisema haki zote. Nikadhani zote ni zile za chini. Kumbe na moto wa jikoni mwangu ulikuwa humo."

Kampuni ilimkatia gesi ya bure ya nyumbani Februari. Sasa analetewa gesi ya mtungi kwa lori, na vyumba viwili amevifunga ili joto lisipotee. Hakudanganywa, anasema. Ilikuwa imeandikwa.

Tumepata chupa arobaini na moja. Moja imepasuka.

Jumapili, 27 Oktoba

Nimetoa mkataba wa Baba kwenye sanduku. Mwaka 1937. Baba hakuwa mtu wa pesa, alimwuza farasi mzuri kwa bunduki mbovu. Lakini kampuni ilipokuja kuchimba kisima nyuma ya banda la kuku, aliomba jambo moja: nyumba hii ipate gesi ya jiko na ya kupashia joto, bila malipo, maadamu kisima kinapumua. Wakacheka, wakaandika.

Bado kinapumua. Miaka themanini na miwili nimeishi hapa, sijawahi kulipia moto.

Jumatatu, 4 Novemba

Baridi imeshuka. Maji ya kuku yaliganda juu.

Bwana wa kampuni amepiga simu. Sauti ya asali. Ananiita Delphia hivihivi, kana kwamba tulinyonya ziwa moja. Nikamwambia mimi ni Bi Riggleman. Akaniuliza nimeamua? Nikasema hundi yako iko chini ya saa, na saa inakwenda. Akacheka. Tarehe kumi na tano ndiyo mwisho, akasema. Na moto wa jikoni je, nikamwuliza? Akasema hayo wataangalia. Wataangalia! Hata paka huangalia.

Jumatano, 6 Novemba

Nimeamua. Naandika hapa kwanza, nione linavyokaa.

Sikatai kuuza. Gesi itanizidi umri, na Denzil anazeeka akinisubiri. Nitauza nusu. Nusu ibaki kwa Kelsie, mjukuu wangu, asije akasema bibi alikula mbegu. Na moto wa jikoni uandikwe kando, kwa maneno yake, kama Baba alivyofanya. Wakikataa, basi, waende zao.

Denzil nitamwambia wiki ijayo. Akijua leo ataanza kupima paa.

Ijumaa, 8 Novemba

Denzil amekuja kuchukua hundi za kupeleka benki. Ya mrabaha, na ya mgodi, pensheni ya marehemu mume wangu Orval. Nimezitia sahihi migongoni kama kila mwezi. Mkono unajua njia. Miwani ilikuwa kwenye aproni nyingine.

Alisimama mlangoni akizishika.

"Zote, Mama?"

Nikamwambia zote, unataka nikuimbie? Nenda, unaingiza baridi.

Maharage na mkate wa mahindi. Nimelala mapema.

Jumamosi, 9 Novemba

Jumamosi ndiyo siku ya kutia saa ufunguo. Nimeiinua. Chini hakuna kitu.

Barua ipo mezani, na bahasha. Hundi haipo. Hundi zote za nyumba hii hukaa pale, na jana nilizikusanya kwa mkono mmoja, nikazitia sahihi bila miwani. Mimi. Si Denzil, si paka.

Nimevaa miwani, nimesoma tena barua, safari hii mpaka chini, kwenye maandishi madogo kama mayai ya chawa. Atakayetia sahihi nyuma ya hundi amekubali kuuza haki zote. Haki zote. Siku ile kidole changu hakikufika huko. Nilimtukana Denzil bure siku ile. Au nusu bure.

Nikampigia simu. Akasema ndiyo, aliiona. Aliipeleka.

"Uliiona na hukusema kitu?"

"Niliuliza, Mama. Ukasema zote. Nilidhani umekubali ila hutaki kusema mbele yangu. Wewe huwa husemi."

Nikakata simu. Nikaitia saa ufunguo.

Jumapili, 10 Novemba

Kanisani Denzil alikaa kando yangu, jambo asilolizoea. Alinong'ona katikati ya mahubiri. Karani wa benki alimwambia pesa haziingii mara moja. Kampuni ina siku kumi za kukagua hati kabla ya kulipa. Kwa hiyo hundi bado iko njiani. Nikamwuliza inaweza kurudishwa? Hajui. Kisha akasema tuiache, Mama. Zile ni pesa nzuri. Ukiirudisha hawatakupa tena.

Huenda ni kweli. Nilimtazama mkono wake ukishika kiti cha mbele ili ainuke kuimba. Ilimchukua ubeti mmoja mzima kusimama.

Mgongo wake, paa langu. Yote nayajua. Lakini kitu cha Baba hakitatoka hapa kwa sababu bibi kizee alisahau miwani. Kikitoka, nitakuwa nimekitoa kwa hiari yangu.

Kesho benki imefungwa, sikukuu ya maaskari wa zamani. Jiko linawaka. Nimekaa nalo tu.

Basi, Denzil, nakuandikia hapa ili kesho nisisahau hata neno nikikupigia. Jumanne saa mbili na nusu pikapu iwe mlangoni, ikiwa imeshapata joto, twende tukaizuie ile hundi. Umchukue Hobart njiani, aje na karatasi yake, waione. Mkataba wa Baba nitaubeba mwenyewe. Na tukishaingia ndani ya ile benki, wewe kaa kwenye kiti, pumzisha mgongo wako, ufunge mdomo. Nitasema mimi.