Mota Iliyokwama Juu ya Paa

Jumanne, baada ya magharibi

Na mota nayo ikakwama. Tangu nivunjike nyonga sijashuka ngazi za nyumba hii wala kupanda juu ya paa. Ile mota ya waipa ya gari niliyoifunga kwenye antena ya redio yangu ya mawasiliano ndiyo mkono wangu wa huko juu: nabonyeza swichi hapa kitandani, antena inajirekebisha, nami nasikika hadi Komoro. Leo nilibonyeza, kimya.

Ilibidi nimwombe mke wangu, Zuhura.

"Mimi na ngazi zile, baba Omari?" Akapanda hata hivyo, simu sikioni.

"Waona nini?"

"Meno ya chuma yameshikwa na kutu."

"Tia mafuta, uyazungushe polepole."

Nilibonyeza tena. Mota ikanguruma, na jamaa yangu wa Moroni akaitikia salamu. Nusura nilie.

Lakini Zuhura hakushuka. Nilipompigia alisema, "Nakuja, kuna upepo huku." Nilingoja nusu saa nikisikia nyayo zake juu ya dari.

Miezi minne nahesabu siku zangu za kufungika humu. Zake, za kufungika humu akinihudumia, sikuwahi kuzihesabu. Aliposhuka uso wake ulikuwa umechangamka, nami nikaona haya kumwomba chai.